Kisanduku cha Asiyekubali

Baraza ile ya mawe pale Mkomani, mjini Amu, haina mwenyewe. Nyumba iliyo nyuma yake imefungwa tangu warithi walipoanza kuigombania, na kwa kuwa kesi haijaisha, hakuna mwenye haki ya kuwafukuza waliokaa mlangoni. Kila siku baada ya sala ya alasiri hukaa pale watu watatu. Wa kwanza ni Wazir, aitwaye Gazeti kwa sababu husoma kila karatasi inayoingia Amu, hata ile iliyofungiwa sabuni. Wa pili ni Barka, aitwaye Serangi, aliyekuwa mkuu wa mabaharia katika meli za moshi, na tangu ateremke hajaona jambo la nchi kavu lililompendeza. Wa tatu ni Jeilani, aitwaye Wakili, si kwa kuwa alisomea sheria, bali kwa kuwa alishtakiana na jirani yake juu ya mfereji wa maji ya mvua kwa miaka kumi na mmoja, akashindwa, na mtu hujifunza mengi kwa kushindwa. Mwisho wa baraza huketi Yunusi na dele lake la kahawa, naye hatii neno, maana mwenye kuuza kahawa hana upande.

Siku hiyo, mwezi wa nne wa mwaka wa hamsini na tano, aliwajia Fundi Famau, mpanga matanuu ya kuchomea mawe yawe chokaa, akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Famau alijua kusoma. Hati yake ya herufi za Kiarabu ilikuwa nzuri hata watu walimwendea awaandikie barua za posa. Lakini karatasi hii ilikuwa ya herufi za Kizungu, na kwa hesabu ya Kampuni ya chokaa iliyomwajiri, asiyejua hizo hajui kitu. Akaitoa, akampa Gazeti.

— Nisomee, Bwana Wazir. Polepole. Jana karani ameisoma mbio kama aliyefukuzwa na mbwa.

Gazeti akavaa miwani, akakohoa kama anayetaka kutoa hotuba.

— "Kumbukumbu namba kumi na nne, chokaa, hamsini na tano. Kwa Fundi Famau. Kutokana na haja ya kulinganisha gharama, malipo yako ya kila saa yamelinganishwa, kutoka senti themanini hadi senti sitini, kuanzia tarehe mosi ya mwezi huu. Kampuni inakushukuru kwa ushirikiano wako."

— Yamelinganishwa na nini? akauliza Serangi.

— Hawakusema.

— Basi yamekatwa.

— Kukatwa ni neno la mtaani, Bwana Barka. Ofisini mtu hakatwi. Hulinganishwa, akashukuriwa.

— Na yeo ni tarehe ngapi? akauliza Wakili.

— Kumi na tisa, akasema Famau. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Zile saa za tarehe mosi hata yeo nimezifanya kwa senti themanini. Zimekwisha. Jasho lake limekauka. Wao wamerudi nyuma wakazikata huko huko ziliko.

— Kuna kisanduku hapa chini, akasema Gazeti, akiisogeza karatasi karibu na pua. "Anayekubali atie kidole."

— Na asiyekubali?

Gazeti akaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe. Akaigeuza tena, asije akawaonea watu wa ofisi.

— Asiyekubali hakuchorewa kisanduku.

Yunusi akammiminia Famau kikombe. Famau akakishika bila kunywa. Alikumbuka jinsi alivyosimama jana mbele ya meza ya karani, kofia mkononi, nyuma yake vibarua wa kuvunja mawe wakingoja zamu. Tangu ujana wake, mtu wa Amu akitaka kumpunguzia fundi ujira, humtuma mtu mzima mwenye haya. Yule mtu huja nyumbani, hunywa kahawa, huzungumza habari za mvua na za wagonjwa, na jambo lenyewe hulitaja mwisho kabisa, akiwa anavaa viatu, ili fundi apate nafasi ya kukataa bila kumwaibisha mtu. Hii ya kupewa karatasi katika mstari, kama apewaye kwinini, hakuwa ameizoea, akaipokea tu. Karani alimwambia airudishe asubuhi ya tarehe ishirini ikiwa na kidole. Bila kidole, lango halifunguliwi.

— Nlimwambia karani mimi najua kuandika, akasema. Kaniambia kisanduku ni cha kidole.

— Na nyumbani wasemaje? akauliza Serangi.

— Mwanamkisi? Kasema neno moya tu. "Ukitia kidole, useme umetia wewe. Usinijie hapa kusema umetiliwa."

Gazeti akavua miwani, kwa heshima ya Bi Mwanamkisi, mkewe Famau, aliyekuwa hayupo na bado ndiye aliyekuwa amesema la maana kuliko wote.

— Ndia ya jambo hili iko wazi, akaanza Gazeti. Kuna Afisa wa Kazi. Kazi yake ni kazi. Tunamwandikia lalamiko, nakala tatu.

— Yuko wapi? akauliza Famau.

— Mombasa.

— Huja huku lini?

— Hupita. Mwaka juzi alipita.

— Lango lafunguliwa kesho, Bwana Wazir.

— Ndiyo maana tunaandika nakala ya nne kwa Gavana, ili amhimize. Na kama Gavana yuko safarini, ya tano kwa Malkia. Malkia ni mtu wa saa: wakati wa kutawazwa kwake kila kitu kilikwenda kwa dakika, nimesoma. Atajua uchungu wa kukatiwa saa.

— Atajibu lini?

— Miezi minane, tisa. Lakini kwa muhuri!

Serangi akatema mate upande wa mfereji.

— Muhuri haupikiki. Sikia, Famau. Mombasa juzi juzi makuli wa bandarini wamegoma, wakaongezwa. Wewe goma.

— Peke yangu?

— Sisi tutagoma nawe.

— Nyinyi hamna kazi, Bwana Barka.

— Ndiyo mgomo mzuri huo, hauna wa kufukuzwa! Haya, hutaki kugoma, kuna njia ya melini. Tulipokatiwa sisi kule Bombei, hatukusema kitu. Tulipunguza mikono. Wamekukata robo? Kata robo. Ukipiga nyundo mara tatu, ya nne ishike hewani. Ukitembea hatua tatu, ya nne simama uangalie mawingu.

— Tanuu halipangwi robo, akasema Famau, na kwa mara ya kwanza alipandisha sauti. Ni magogo ya mikoko kwa duara, marefu tini, mafupi juu, kati pana tundu la moto. Gogo moya likikaa vibaya, moto hutoka ubavuni, mawe yote yalala tini mabichi. Nikilipanga robo tatu sitapata robo tatu ya chokaa. Nitapata majivu. Halafu nikipita ndiani watu waseme, yule ndiye Famau aliyeangusha tanuu.

— Basi leta habari kubwa zaidi, akasema Serangi, ambaye hakupenda kushindwa na magogo. Nina watu wangu kwenye meli. Nikituma salamu Mombasa, Mombasa ikatuma Zanzibar, Zanzibar ikatuma Adeni, hakuna meli itakayogusa bandari yoyote mpaka Famau arudishiwe senti zake ishirini. Dunia nzima itakosa sukari!

— Na sisi hapa, akasema Yunusi, akivunja desturi yake, maana sukari ilimhusu.

Wakili alikuwa amefumba macho muda wote huo, dalili kwamba anakuja na sheria. Akayafumbua.

— Nyote mwapiga kandokando. Swali ni hili: saa ni mali ya nani? Fundi Famau, kabla ya Kampuni kuja, ulilipwaje?

— Kwa tanuu. Likitoka jema nalipwa, likilala silipwi. Hawa walipoteremka gatini, kitu cha kwanza walichoshusha ni saa ya ukutani. Wakaniambia, sisi twanunua saa zako.

— Hapo! Wamekiri kuwa ni zako. Sasa mali ya mtu haiguswi bila ridhaa yake. Ukikaa kimya ukaendelea kufanya kazi, watasema umeridhika. Hilo liliniponza mimi katika ule mfereji: nilinyamaza msimu mmoja, kadhi akaniuliza, "Ulinyamaza kwa nini?" Kwa hivyo lazima useme. Na zile saa za tarehe mosi mpaka yeo zimekwisha kuuzwa kwa themanini, biashara imefungwa, hapana wa kuirudia.

Famau akamtazama. Kwa miaka yote aliyomjua Jeilani, hili lilikuwa la kwanza lililosimama kwa miguu yake lenyewe. Akasogea karibu. Wakili, kwa kuona anasikilizwa, akaharibu.

— Dawa yake ni moya. Ziweke wakfu.

— Niweke nini?

— Saa zako! Saa zote za umri wako uliobakia, wakfu kwa msikiti. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haipunguzwi. Kampuni ikikata saa imekata msikiti. Nani atathubutu? Hata Malkia wa Bwana Wazir hathubutu.

— Na ujira wangu?

— Utapita kwa msimamizi wa wakfu.

— Msimamizi ni nani?

— Wazee wataniteua, akasema Wakili, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Serangi alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye kanzu ya Gazeti, na Gazeti akaapa hilo nalo ataliandikia lalamiko. Famau hakucheka. Aliikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni, na moyoni alikuwa karibu kuamua. Angeitia kidole. Sitini ni sitini; nyumbani mna midomo mitano, na ndaa haingoji nakala ya tano. Kilichomkera ni kule kumwambia Mwanamkisi kwamba ametia yeye mwenyewe.

Hapo akatokea mgeni, mtu wa makamo, miguu ina vumbi la njia ndefu, begani ana mikeka iliyoviringishwa. Akatoa salamu, akaitikiwa, akasogezewa nafasi.

— Naitwa Athman, natoka Kipungani. Nimeambiwa nikiuliza hapa nitampata fundi wa chokaa.

— Umempata, akasema Gazeti, lakini huenda kesho hayuko kazini. Wamemkata, na wanataka akubali.

Wakamweleza. Ilichukua vikombe viwili, kwa sababu kila mmoja alieleza shauri lake kwanza na habari baadaye. Athman alisikiliza kwa adabu, mikeka magotini. Wakfu wa saa hakuufahamu, akausamehe.

— Poleni, akasema. Ni jambo zito. Mimi nimetumwa na jamaa wa msikiti. Birika letu la kutawadhia limepasuka, mayi yavuja yote, nasi twataka tulipake kabla mvua kushika. Kampuni wameniambia chokaa iliyopo imekwisha, ningoje ya tanuu lijalo. Sasa nawauliza nyinyi wenyeji: huyu bwana akiwata kazi akenda zake, hilo tanuu nani atalipanga?

— Si wapo wengi, akasema Gazeti haraka.

— Nani?

— Yuko Bwana Bwanamkuu...

— Mwaka jana tumemzika, akasema Serangi.

— Mwanawe, basi.

— Mwanawe ana duka la vitambaa Malindi. Moto auonao ni wa sigara.

— Yule wa Manda, wa jicho moja?

— Kiharusi, akasema Wakili. Miezi sita hata kijiko hashiki.

— Ridhwani!

— Ridhwani ndiye aliyepanga lile la Kampuni, Famau alipokuwa mgonjwa, akasema Serangi. Lilianguka hata moto haujafika juu. Magogo ya miezi miwili yaliungua, wakapata mawe meusi. Mpaka sasa yako pale nyuma ya ofisi, na mbuzi wanayapanda.

Wakili akahesabu kwa vidole, akafika kidole cha pili, akarudi cha kwanza. Serangi, aliyejua majina ya watu katika bandari kumi na nane, alitazama mawingu. Yalikuwa yamejaa upande wa kusini, mazito, ya masika. Mchanga wa uwanja wa Kampuni, Famau aliujua, ulikuwa umefunikwa magogo yaliyoletwa wiki iliyopita na mawe ya matumbawe yaliyochimbwa mwezi mzima, yote yamelala ovyo yakingoja kupangwa. Alikuwa ameyaona kila siku, na kila siku aliyaona kama kazi inayomngoja yeye. Haikumpitikia hata mara moja kwamba ofisini nako kuna mtu anayeyaangalia dirishani, kisha anaangalia mawingu.

Athman alingoja jibu. Alikuwa mtu wa subira. Ukili mmoja wa mkeka kuusuka humchukua siku nzima. Alipoona majina yamekwisha, alidhani amekosa adabu.

— Nisameheni. Nimeuliza vibaya?

— La, akasema Famau. Akanywa kahawa yake yote kwa mara moja, ingawa ilikuwa imepoa, akaendelea: Umeuliza vizuri kuliko vile nilivyojiuliza mimi. Ofisi yafungwa saa kumi na moja. Swali hilo, Bwana Athman, kwa sauti hiyo hiyo ya upole, waweza kuliuliza tena mbele ya karani?

— Mimi? Mimi nimekuja kutaka chokaa tu.

— Basi twende ukaitake. Ukimaliza wewe, nitasema mimi. Nitasema sikubali, na zile siku kumi na tisa nitazitaja moya moya. Wakinifungia lango, kesho tutajua. Lakini nitakuwa nimesema.

Akasimama, akavaa viatu. Athman akamtazama Yunusi, kisha akaitazama mikeka yake, kisha akaiacha pale barazani na kumfuata. Watatu wale waliwatazama mpaka migongo ya wawili hao ilipopinda njia ya pwani.

— Mbona hatukuwaza hilo? akauliza Serangi.

Gazeti alikuwa anafuta kanzu. Wakili alifumba macho tena, na safari hii hakuja na sheria yoyote.