Tundu Lililofungwa kwa Mpira

Shikamooni wazazi wangu. Na nyie wenzangu mnaouguza, poleni na kazi. Nilipoombwa nisimame leo niliogopa, kwa sababu ushuhuda wangu una samaki ndani yake na najua kuna watakaocheka. Chekeni tu, mimi nilishalia vya kutosha.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, huko Igoma. Kabla kiharusi hakijampata alijitengenezea tangi la kioo pale sebuleni, akafuga furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Ndiyo, furu hawa hawa tunaowakaanga. Majirani walikuwa wakiniuliza kitoweo kimeshafikia kuchinjwa au bado. Lakini wale madume, wakiwa kwenye maji safi, wanawaka bluu na wekundu mpaka unajiuliza tulikuwa tunakula nini miaka yote.

Nivumilieni kidogo kwenye mabomba, maana ndiko nilikoangukia. Juu kuna tangi la samaki, chini yake kuna tangi dogo la kuchujia. Maji yakijaa juu yanamwagikia kwenye bomba nene, yanashuka chini, yanapita kwenye sponji na kokoto. Halafu pampu inayarudisha juu kwa bomba jembamba linalozama mpaka karibu na sakafu ya tangi. Kwenye hilo bomba jembamba, chini kidogo ya usawa wa maji, mume wangu alitoboa tundu dogo. Pampu ikifanya kazi, tundu linarusha maji pembeni. Sikuwahi kumuuliza la nini.

Kiharusi kikaja. Upande wa kulia ukafa na maneno yakaondoka. Tukahamishia kitanda sebuleni, akawa hamtazami mtu, anatazama samaki wake. Ilikuwa ndiyo dalili pekee kwamba bado yumo.

Akaja ndugu yetu mmoja kunisaidia kuuguza. Simtaji, yupo hapa, na nampenda. Akaona lile tundu linarusha maji. Sasa nyie mnajua, kwetu bomba likivuja unafanyaje? Unakata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, unafunga, unakaza. Akafunga, nami nikamshukuru.

Kuanzia siku hiyo mgonjwa akaanza kuguna. Anaguna mchana kutwa, jicho limekaza. Tukasema ana maumivu, tukampa dawa. Tukasema amechoka ubavu huo, tukamgeuza. Tukamwombea. Akazidi kuguna.

Siku moja nilikwenda Kirumba kununua dagaa, umeme ukakatika. Niliporudi, ndugu yetu amesimama na dekio, maji yamefika uvunguni mwa kitanda. Tangi la chini lilikuwa limefurika, la juu limekauka, samaki wamelala ubavu, na mume wangu amewatazama wakifa asiweze hata kunyanyuka. Wachache tuliwaokoa kwa beseni. Tukajaza tena. Umeme ukakatika tena, yakawa yale yale.

Hapo watu wakaanza kusema nyumba ile ina mkosi. Mume wangu akageukia ukutani. Uji akawa anautema. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilimwomba Mungu amchukue. Nilisema kama humponyi basi mchukue, mimi nimekwisha. Nikamaliza kuomba, nikaenda kufua mashuka yake, na sikujisikia vibaya hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Nikaamua tangi la kioo nimpe jirani. Asubuhi nikaanza kung'oa mabomba. Nikashtuka kanga yangu imevutwa. Alikuwa amejigeuza mwenyewe kutoka ukutani, amenishika kwa mkono wa kushoto, machozi yanamtoka kwenye jicho lililo zima.

Nikakumbuka yule dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali alivyotufundisha: kama ni ndiyo, akubane mkono. Tulikuwa hatujawahi kuitumia njia hiyo. Mtu haongei, utamuuliza nini? Nikampa mkono wangu wa kulia, wa kushoto nikawa nagusa vitu kimoja kimoja. Pampu? Kimya. Bomba nene? Kimya. Nikagusa ule mpira.

Alinibana mpaka pete ikaniumiza.

Nikaufungua, nikarudishia mabomba. Tukajaza maji, tukawasha, tundu likarusha maji kama zamani. Kisha akaelekeza jicho kwenye swichi. Nilikataa, nikasema tutafurika tena. Akanibana. Nikazima, nikasimama na dekio. Maji yakaanza kurudi chini kwa lile bomba jembamba, yakashuka kidogo tu, yakafika usawa wa tundu. Tundu likafyonza kwa sauti, maji yakasimama. Chini hakuna hata tone lililomwagika.

Nikamgeukia. Mdomo umepinda, anahangaika nao, mpaka likatoka.

"Hewa," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu augue. Tundu lilikuwa la kuingiza hewa, ili umeme ukikatika bomba lisiendelee kunyonya. Alikuwa akituambia wakati wote, sisi tunamnywesha dawa ya maumivu. Nilikaa sakafuni nikalia, na yule niliyekuwa nimemwombea kifo akaniwekea mkono kichwani.

Leo anakula. Maneno yanakuja kwa kusuasua, na mengine ni matusi kwa shirika la umeme. Nakushukuru ndugu yangu uliyefunga mpira, maana ndiwe uliyekesha nami. Namshukuru dada wa mazoezi. Nawashukuru nyie mliosikiliza habari za mabomba bila kusinzia.

Sina somo kubwa. Jioni hii ukifika nyumbani, kabla hujamgeuza mgonjwa wako, muulize anataka kugeukia wapi.