Historia ya Mama King'ong'o na Vilimi Alivyovipigania

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa jua hili, marehemu hakuwa na subira na hotuba ndefu za watu wengine, kwa hiyo tutajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe, na alipofika miezi minne alishikwa na kikohozi, ndipo akaitwa shangazi yake, mkataji aliyeaminika mtaa mzima, ili amkate kilimi, yaani kile kinyama kinachoning'inia kooni nyuma ya ulimi, ambacho kwetu hubebeshwa lawama ya kila kikohozi. Shangazi alikata kwa nia njema kabisa, ila alipitiliza, damu ikatoka hadi kukapambazuka, mtoto akapona, lakini akabaki akisemea puani maisha yake yote, na akichekeshwa na chai mdomoni, chai ilitokea puani, mezani mbele ya wageni.

Alianza shule mwaka 1966, wenzake wakampachika jina la King'ong'o siku hiyo hiyo, naye badala ya kulia akalivaa, akasoma nalo hadi chuo cha uuguzi, akahitimu Novemba 1979. Mwaka 1983 aliolewa na fundi redio, ambaye alipoulizwa na ndugu zake ataiwezaje sauti ile, alijibu kwamba yeye amezoea stesheni zinazokoroma, wakajaliwa watoto wanne, na kila mmoja alipokohoa marehemu alimbeba mgongoni akaenda naye kazini, maana alijua akimwacha nyumbani atamkuta ameshakatwa. Mume alitangulia mwaka 2009.

Kazi yake ilikuwa wodi ya watoto, kuanzia tarehe 1 Februari 1980, na hapo ndipo alipochoshwa na pande zote mbili. Daktari mkuu wa wakati huo aliwaita akina mama washenzi, mbele ya watoto wao, tena kwa kelele, na matokeo yake mama ambaye mwanawe alitokwa damu baada ya kukatwa aliogopa kutukanwa, akakaa naye nyumbani, mtoto akafa. Marehemu alimfuata daktari ofisini akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa akisimulia jinsi alivyotolewa mafindofindo utotoni, mzima wa afya, kwa sababu tu kaka zake walikuwa wanatolewa siku hiyo, sasa mshenzi ni nani, akaambiwa afunge mlango akiwa upande wa nje.

Kisha akaja mtafiti, mtu mpole, mwenye viatu safi, akawaeleza wauguzi kikaoni kwamba kila jamii ina mizani yake, na mtu wa nje hana haki ya kuhukumu mila za wengine. Marehemu akasimama, akauliza kwa sauti ile ile mnayoijua, je, yeye ni wa nje au wa ndani, maana koo lililokatwa ni lake na mkataji ni shangazi yake, na kama mila ni ya jamii, mbona mtoto wa miezi minne, ambaye naye ni jamii, hakuulizwa mizani yake. Mtafiti akasema hilo ni swali zuri sana, akaliandika, akaondoka. Jamani! Daktari alipandishwa cheo, mtafiti akaalikwa tena, marehemu akahamishiwa chumba cha mashuka, na akina mama wakamfuata huko huko na watoto wao wanaokohoa, akawapokea bila kumtukana hata mmoja, akawashika mkono hadi kwa daktari wa zamu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, na aliyemuuguza zaidi ya sote ni shangazi huyo huyo, ambaye yuko hapa, mstari wa mbele, wakimenyana kwa maneno tangu uji hadi dawa za jioni, shangazi hajawahi kukubali kwamba alikosea, marehemu hakuwahi kumsamehe, na pia hakuruhusu mtu yeyote amwite shangazi yake mshenzi. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Septemba 2021.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu bila kuchoka, majirani walioleta viti, na wenzake wa chumba cha mashuka, waliomtandikia kitanda chake cha mwisho.

Limebaki agizo moja, aliloliacha lisomwe hadharani kwa sababu anatujua. Binti yake mdogo ana mtoto wa miezi miwili, anakohoa, na marehemu alisema msibani ndipo watoto wetu hukatwa, mkataji yupo, bibi wote wapo, na mama mtu analia, hana nguvu ya kukataa. Basi tunakataa kwa niaba yake, mama mkwe wa binti yetu utuwie radhi, shangazi shikamoo, mtoto anatoka hapa anakwenda hospitali. Marehemu hakuacha nyumba wala shamba la kugombania, ameacha kilimi kimoja, kiko kooni mwa mjukuu wake, na hakiguswi.

Pumzika sasa, Mama King'ong'o, pumzika kwa amani, kelele tuachie sisi.