Wapangaji wa Puani mwa Kui

Mtoto wangu Kui ameanza hotuba kabla yangu. Mmemsikia akipiga chafya kwa maikrofoni, na chifu akapata yake kwa mkono. Chifu, nisamehe, hiyo ni salamu. Haya, Shosho amemchukua, sasa niseme.

Mheshimiwa chifu wetu, Pasta Kuria, Dada Phoebe muuguzi wetu tunayemuaga leo, Shosho Waithera, bibi yetu mwenye ploti ya nyumba tunazopanga, na akina mama wote wa Mutuini, hamjambo. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo nikikosea, nyamazeni tu.

Dada Phoebe alipokuja akitafuta watoto wazima wapimwe pua, ni nani alikubali? Sisi husema mtoto mzima hapelekwi hospitali, ni kuita ugonjwa. Mimi nilimpeleka Kui peke yangu, kwa sababu Phoebe ndiye aliyenizalisha na sijui kumkatalia. Majibu yakaja: puani ana bakteria, wale wanaoweza kuleta nimonia, lakini mwenyewe ni mzima na hahitaji dawa. Ploti ikasikia neno moja tu, bakteria.

Asubuhi yake Shosho Waithera, anayetulelea watoto tukienda kazini, akanirudisha mlangoni. Sikumlaumu, alikuwa na watoto wa watu. Lakini mimi hufua nguo kwenye nyumba za matajiri Kilimani, na kule huingii na mtoto mgongoni. Bila Shosho, kazi imekwisha. Nyinyi mliowahi kukosa mtu wa kumwachia mtoto, si mnajua vile nilikaa nikiangalia mlango?

Phoebe hakumkemea mtu. Alienda kwa Shosho, akanywa chai, akaomba kumpima Ryan, yule mjukuu wake mnono asiyejua hata kukohoa. Shosho akamtoa kwa maringo, Phoebe aone pua ya mtoto aliyetunzwa. Majibu ya Ryan yakawa kama ya Kui.

Shosho akampangusa Ryan pua. Kisha akasema, "Kumbe hao ni wapangaji tu. Wamekaa kwangu na sikuwajua."

"Ni wapangaji, Shosho," Phoebe akamwambia. "Wengi hukaa hapo puani kimya, halafu wanaondoka. Shida ni wakihamia kifuani. Ndiyo maana nawasumbua na chanjo, na mtoto akipumua mbio mlete, usingoje."

Jioni Shosho akaja kwangu. Hakusema pole. Alisema kesho nisichelewe na Kui, uji hupoa.

Dada Phoebe, juzi ulipoita tena watoto wazima, foleni ilifika lango la kanisa, na Shosho ndiye alikuwa akituharakisha. Hatuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Wote mlionisikiliza, Mungu awazidishie, na nimalizie kwa kusema kwamba Kui akikua nitamwambia...

Shosho ananiita pale nyuma. Anasema Kui amemlalia shingoni, amempaka makamasi kwenye kitambaa chake cha kanisa, nilete shuka nimfunge mgongoni mwake vizuri asiamke. Nakuja, Shosho. Nilikuwa nasema, nitamwambia kulikuwa na muuguzi mmoja hapa Mutuini ambaye... Haya Shosho, shuka hili hapa, nimefika.