Ule Ubeti Uliopasuka

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, familia imeniomba mimi mdogo wake nisimame hapa kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani tu, Kengele, nami nitasoma polepole, kwani yeye hakupenda mtu anayeyakimbiza maneno.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, binti pekee wa baba seremala na mama mshonaji, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, na mkunga aliyempokea alisema kuwa huyu hakuhitaji kofi, alikuja analia tayari.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1968, na huko mwalimu wa kwaya alimweka mstari wa nyuma, kisha karibu na mlango, kisha nje ya mlango, na hatimaye akamwomba kwa upole apumzike, akarudi nyumbani amevimba macho, mama akamwambia, “Mwanangu, kama kwaya imekuwa ndogo, tafuta penye nafasi.”

Mwaka 1969 aliajiriwa kuwa opereta wa simu, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi na kuipenda, maana alisema kuwa asiyekuona uso hadanganyiki, ukimwambia “subiri kidogo” bila kumaanisha, anakusikia.

Nafasi aliyoambiwa na mama aliipata mwaka 1972, alipoingia kwa hasira, bado na sare ya kazini, katika gereji ya jirani walimokuwa wakifanya mazoezi vijana wa bendi ya roki, akawaomba wapunguze makelele, mpiga dramu akamjibu kwa ufidhuli kwamba kama anaweza zaidi aje yeye, naye akaja, akashika maikrofoni akaimba, na mpiga dramu huyo, aliye hapa nasi leo, anasema ndiyo siku aliyojifunza adabu.

Mwaka 1975, mwezi mmoja baada ya kumzika baba, bendi iliingia studio kurekodi wimbo wa kuchezeka kabisa, na katika ubeti wa tatu, kwenye neno “rudi”, Kengele alichelewa nyuma ya dramu, akavuta pumzi iliyosikika chumba kizima, na sauti ikampasuka. Fundi wa mitambo alitaka warudie, mpiga gitaa naye akashikilia warudie, wakarudia mchana kutwa, kila mara safi zaidi na kila mara baridi zaidi, mpaka dada akavua vipokea sauti vya masikioni akasema, “Hizi zote nimeimba vizuri. Ile ya kwanza nilikuwa namwita mtu.” Mpiga gitaa aliisikiliza tena ile ya kwanza, akajifuta uso kwa kofia, na hiyo ndiyo iliyotoka, mtangazaji mmoja akadai mwimbaji ana mafua, lakini watu waliinuka vitini na kucheza huku wanalengwalengwa na machozi.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na mpiga gitaa huyo, shemeji yetu, wakabishana maisha yao yote kuhusu mapigo ya muziki na hawakubishana hata siku moja kuhusu chakula, wakajaliwa watoto watatu, na kitinda mimba akarithi koo la mama. Waimbaji wachanga walijaa sebuleni kwake, naye akiwauliza, “Unamwimbia nani?”, na aliyejibu “watu” aliambiwa achague mmoja, na aliyejisifu kwa sauti nzuri aliambiwa, “Nzuri ni ya kumlaza mtoto, mwanangu. Hii yetu ni ya kumwamsha baba yake.”

Mwaka 2011 aligundulika na uvimbe kooni, daktari akamweleza bila kumficha kuwa upasuaji ungemwachia uhai lakini huenda usimwachie sauti, naye baada ya wiki akakubali, akisema wajukuu wanahitaji bibi, si santuri. Alibaki na mnong’ono, na kwa miezi mingi alizima redio kila muziki ulipoanza, hadi siku binti yake, yule kitinda mimba, alipokuwa akijizoeza kuimba sebuleni, kila noti mahali pake na hakuna mtu ndani yake, uzalendo ukamshinda, akatoka jikoni na mikono yenye sabuni, akapiga meza, na tangu hapo akafundisha kwa mikono na macho.

Mwezi Januari 2024 mapafu yalimlemea, akalazwa, na binti alipotaka kuahirisha onyesho lake ili akae naye, alinong’ona, “Nenda, watu wamevaa viatu tayari.” Asubuhi ya tarehe 6 Februari binti alirudi wodini, mama akafumbua macho akamuuliza, “Walicheza?”, akajibiwa, “Walicheza, mama, hata wazee,” akatabasamu, akageukia ukutani, na mchana huo akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani waliovumilia dramu bila kuita polisi, opereta wenzake na wanabendi wote.

Pumzika sasa, dada yetu, kwa amani yote, tulikusikia.