Nani Kashika Ufunguo

Benchi langu lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Liko nje ya chumba cha mjukuu wangu, anapochapa na kutoa nakala za karatasi za watu, nami nakaa pembeni na jiko, birika la kahawa na vikombe. Wanaolikalia ni walewale. Kuna Injinia, ambaye chuo cha uinjinia alikipita kwa nje akielekea sokoni. Ukimpa redio inayokoroma anakurudishia inayonong'ona. Kuna Mstaafu, aliyetunza ghala la ofisi ujana wake wote, na mpaka leo akitembea anajipapasa kiunoni kama vile funguo bado zipo. Na kuna Breki, mziba pancha, tuliyempa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Siku za kawaida tunacheza dama, nami nawafunga mmoja mmoja mpaka waheshimiane. Lakini wiki iliyopita Breki aliukalia ubao, ukapasuka katikati, na toka hapo benchi zima limebaki na kazi moja tu: kusema.

Asubuhi hiyo nilikuwa namimina vikombe vya kwanza, mjukuu akatoka amejishika kichwa.

Mjukuu: Bibi, imegoma.

Mimi: Imegoma nini? Mashine au wewe?

Mjukuu: Kompyuta. Si nimeleta printa mpya? Inataka programu yake ndogo ili zielewane. Nikiagiza, naambiwa, “Subiri, kuna mwingine anatumia ghala.” Nasubiri, nasubiri. Na mwalimu anakuja kuchukua mitihani kabla ya kengele ya saa nne.

Hapo nikatua birika. Mitihani ile haikuwa karatasi tu. Shule ilikuwa ikichapisha kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka la vioo na kiyoyozi, na mwalimu amempa mjukuu wangu kazi hii moja amjaribu. Ikitoka vizuri, kazi za shule zinahamia kwetu. Isipotoka, mwalimu anavuka barabara na hatumwoni tena.

Tena niseme kidogo kuhusu hilo ghala, msije mkadhani ni la mahindi. Kompyuta ya mjukuu wangu inaendeshwa na mfumo huria, ule usio na tajiri. Watu wa huku na huku wanaushona pamoja, kila mmoja na kiraka chake, wanakupa bure. Ukitaka kitu huendi dukani. Unaandika mstari mmoja, na humo ndani kuna mtu asiyeonekana, wanamwita msimamizi wa vifurushi, anakwenda ghalani kwenye mtandao kukuletea. Na harudi na kimoja. Kifurushi hiki hakikai bila kile, na kile hakilali bila cha tatu. Watu husema ni jambo gumu. Mimi nililielewa papo hapo, maana nimewahi kuozesha mtoto wa kiume. Nilitaka mkwe mmoja, nikaletewa mkwe, mdogo wake, shangazi yake, na mbuzi wa shangazi.

Mstaafu: Hili ni langu. Mambo ya ghala niachieni mimi. Mtunza ghala kashika ufunguo, kaenda kunywa chai.

Breki: Ndani ya kompyuta?

Mstaafu: Ghala ni ghala. Mimi nikienda chai, mkurugenzi mwenyewe alikuwa anasubiri kalamu.

Mimi: Ndiyo maana sherehe yako ya kustaafu walicheza sana.

Breki: Si chai, mzee. Fikirieni. Hawa wanagawa vitu bure, sawa? Sasa wale wanaouza vyao watalala usingizi? Wametuma mtu. Kaingia ghalani kimyakimya, kakalia mlango.

Mstaafu: Mtu gani?

Breki: Mnene.

Mstaafu: Umejuaje?

Breki: Angekuwa mwembamba si wengine wangepita pembeni yake!

Mjukuu alirudi ndani, akaandika tena mstari wake, akatoka na uso uleule. Subiri, kuna mwingine anatumia ghala. Ng'ambo ya barabara mwenye duka la vioo alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni, mikono kifuani, anatutazama kama mtu aliyewahi kiti cha mbele kwenye mpira.

Injinia alikuwa hajasema kitu. Injinia akinyamaza, mimi huwa namgusa paji la uso.

Mimi: Wewe, unaumwa? Mambo ya mashine yanazungumzwa na mziba pancha, wewe unachungulia kikombe?

Injinia: Nasikiliza, bibi.

Mimi: Toka lini?

Mjukuu: Halafu Injinia ulikuwa humu ndani nikifungua. Hukuona kitu?

Injinia: Nilikuwa napuliza vumbi kwenye feni. Vumbi ni adui.

Mjukuu: Basi acha nizime, niwashe upya.

Injinia aliruka, kahawa ikamwagikia suruali ya Mstaafu.

Injinia: Usizime! Usithubutu! Ghala liko wazi, msimamizi yuko katikati ya kazi, wewe unamzimia taa? Vifurushi vitamwagika! Utaanza moja, kama siku uliyoinunua!

Mstaafu: Na suruali yangu inaanza moja leo.

Injinia: Tatizo haliko hapa kabisa. Tatizo liko mbali. Mtandao unapita kwenye waya, na waya umelazwa chini ya bahari. Huko chini kuna samaki. Samaki mkubwa akiuma waya, meno hayatoki. Sasa yeye kakamata, na ghala limekamatwa.

Breki: Ndiye “mwingine anayetumia ghala”?

Injinia: Ndiye.

Mstaafu: Samaki huyo kasaini wapi? Kwangu hata panya alikuwa hatoi kitu bila kusaini.

Breki: Ngoja, ngoja. Mimi nimepata. Ni ile mashine ya nakala.

Mjukuu: Imefanya nini tena mashine ya nakala?

Breki: Sikiliza, wewe ile umekaa nayo muda wote, imekubebea biashara, inatoa jasho. Leo unaingiza printa mpya, nyeupe, umeifunika na kitambaa. Umeiambia mashine ya nakala? Umeiweka chini ukaiambia? Kwa hiyo imezungumza na kompyuta huko usiku, wamekubaliana.

Mimi: Breki, wewe ndoa yako ikoje siku hizi?

Breki: Tusiingize familia.

Mstaafu: Mnapoteza wakati. Kuna utaratibu. Tunamwandikia mtunza ghala barua. “Kuhusu: Kushikiliwa kwa Ufunguo.” Nakala kwa bosi wake.

Mjukuu: Hana bosi, babu. Ndiyo maana unaitwa mfumo huria.

Mstaafu alibaki na kikombe mdomoni, hanywi. Nilimwona kabisa neno hilo likimwingia. Ghala kubwa namna hiyo, linalohudumia watu wasiohesabika, na hakuna bosi.

Mstaafu: Kwa hiyo chai anakunywa saa ngapi?

Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti sasa, viwiko magotini, anaitazama barabara. Mimi si mtu wa kubembeleza. Lakini mtoto huyu nimeona alivyopaka chumba kile rangi mwenyewe, nywele zikageuka kijani, akacheka. Hakuwa anacheka asubuhi hiyo. Nikamimina kikombe, nikampa, maana nilichokuwa nacho cha kusema kilikuwa cha kuwatukana wale watatu na mdomo ulikuwa umechoka.

Na ndipo mwalimu akatokea. Mwanamke mwembamba, miwani imeshuka puani, chaki kwenye mkono wa sweta.

Mwalimu: Shikamoo bibi.

Mimi: Marahaba mwanangu. Kaa upate kahawa.

Mwalimu: Nina haraka, bibi. Mitihani tayari?

Benchi zima likatazama chini kama wanafunzi ambao hawakufanya kazi ya nyumbani. Mjukuu akasimama, akamweleza yote bila kuficha: printa, ghala, subiri. Breki akamweleza habari za mtu mnene. Injinia akamweleza za samaki, lakini kwa sauti ndogo kuliko mwanzo.

Mwalimu: Naweza kuiona?

Akaingia. Nasi tukaingia nyuma yake, tukajaa chumba mpaka mashine ya nakala ikapoteza pumzi. Jirani wa ng'ambo alivuka nusu ya barabara ili aone vizuri. Mwalimu aliinamia kioo cha kompyuta, akapandisha miwani kwa kidole.

Mwalimu: Na hili dirisha dogo lililokunjwa huku chini pembeni, ni la nini?

Mjukuu: Dirisha gani?

Injinia: Hilo halina maana, mwalimu, hilo ni la mfumo, lenyewe huwa li...

Mwalimu ameshaligusa. Likafunguka. Na kwa kuwa mwalimu ni mwalimu hata akiwa barabarani, akalisoma kwa sauti, na nukta zake.

Mwalimu: “Umeomba kifurushi: mchezo wa dama. Ili kukiweka, vifurushi vifuatavyo vitaondolewa: vyote vya uchapishaji. Je, tuendelee? Ndiyo au hapana.”

Baada ya hapo kulikuwa na kialama kidogo, kinawaka, kinazima, kinawaka. Kinangoja.

Kwa hiyo mtunza ghala hakwenda kunywa chai. Hakukuwa na mtu mnene, na samaki yuko kwake salama. Maskini msimamizi alikuwa amesimama mlangoni toka asubuhi, ufunguo mkononi, ameuliza swali moja kwa adabu zote, na hakuna aliyemjibu. Aliyeulizwa aliona neno “vitaondolewa”, jasho likamtoka, hakujua abonyeze nini. Basi akalikunja swali, akalisukuma pembeni, akatoka nje kunywa kahawa yangu na kutusimulia habari za bahari.

Mjukuu wangu hakugeuka kumtazama mtu. Akabonyeza “hapana”. Dirisha likajifunga. Akaandika tena mstari wake wa printa, na safari hii hakuambiwa subiri. Vifurushi vikaanza kushuka, kimoja na mdogo wake, mdogo wake na shangazi, msururu mzima kama siku ile ya mkwe wangu, nami nikawakaribisha wote, hata mbuzi. Printa ikakohoa. Ikatoa karatasi ya kwanza, yenye moto, maswali yamenyooka, na jina la shule juu.

Breki: Imetoka! Imetoka! Nilisema mimi, ilikuwa wivu tu!

Jirani wa ng'ambo akageuka, akarudi kwake, akafunga mlango wake wa kioo.

Mwalimu alipanga karatasi zake, akazigongagonga mezani zikae sawa, akazikagua ya juu na ya chini. Kengele ilikuwa haijalia.

Mwalimu: Safi sana. Jumatatu nitakuletea za madarasa mengine.

Mjukuu: Asante, mwalimu. Asante sana.

Hapo mtoto akacheka, na mimi nikajifanya nachochea mkaa.

Mwalimu alitoka, akapita mbele ya benchi, ambalo lilikuwa limeshakaliwa tena, wote watatu, wamebanana upande wenye tofali. Akafika barabarani. Akasimama. Akageuka na mitihani kifuani, si kwa ubaya, ni kama mtu aliyekumbuka kitu.

Mwalimu: Lakini nani hapa aliyeomba dama?

Mjukuu naye akatoa kichwa mlangoni, anangoja jibu. Breki, aliyekalia ubao, akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Mstaafu. Mstaafu akajipapasa kiunoni. Kisha wote watatu, taratibu, kama kondoo walioitwa, wakageuza shingo upande wa jiko.

Injinia: Bibi, si juzi ulisema nikutafutie dama isiyopasu...

Nikanyanyua birika, nikalitikisa mbele ya pua yake.

Mimi: Kahawa imekwisha. Nendeni kazini.

Birika lilikuwa na zaidi ya nusu, na wote waliisikia kahawa ikicheza humo ndani.