Picha Iliyolala Kifudifudi

Benchi la nje ya kinyozi lina miguu minne ila husimamia mitatu, na alasiri hiyo lilikuwa limebeba wanaume watatu na chupa ya kahawa. Mbele yao, juu ya stuli ya kunyolea watoto, ilikaa printa ya Fundi Saa, waya wake umepitishwa dirishani hadi kwenye soketi ya kinyozi. Ilikuwa printa ya nyumbani tu, ya wino, yenye kioo cha kutolea kopi, na tangu asubuhi ilikuwa imetoa kopi saba za picha moja: marehemu mkewe amesimama, gauni limepauka kama chai iliyoongezwa maji wageni walipozidi. Binti yao alifiwa na mama akiwa na miaka miwili. Sasa anaolewa Jumamosi, na ameomba kitu kimoja, gauni la rangi ile aliyovaa mama pichani. Mshonaji angepita kuchukua kopi kabla duka la vitambaa halijafungwa saa kumi na moja. Ilikuwa saa kumi kasorobo, na Fundi Saa, ambaye kutwa hutuliza saa za watu, alikuwa ameitazama yake mara sita tangu aketi.

— Wino huo umechakachuliwa, akasema Waziri.

Waziri hakuwahi kushika wizara yoyote ila ile chupa, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuimimina.

— Nimeununua juzi, Fundi Saa akamjibu. Kikopo kilikuwa na lakiri.

— Basi uliusifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Nani kamsifu nani?

— Uliusifu mbele ya printa. Mashine za siku hizi zinasikia.

Kinyozi akacheka. Huyo walimwita Injinia, tangu siku alipofungua redio ya jirani, akaifunga, zikabaki skrubu tatu na redio ikaimba vizuri zaidi. Akaeleza kwamba wino hupita kwenye vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano, na printa ikikaa bila kazi wino hukauka vikaziba. Yeye alishaiamuru ijisafishe mara mbili, kisha akatoa karatasi ya majaribio. Waziri alipoona karatasi safi yenye vimistari vya rangi, aliitandika benchini akapanga vikombe juu yake.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema Waziri. Vitundu vimejiziba vyenyewe, mnalalamika nini?

— Vilishazibuka, Waziri.

— Basi ni umeme. Umeme wa hapa umezoea kunyoa. Ukiingia kwenye printa unanyoa rangi.

Siku nyingine Fundi Saa angecheka mpaka amwage kahawa. Leo aliinuka, akaketi, akainuka tena, akabonyeza kitufe. Kopi ya nane ikatoka taratibu, imepauka vilevile.

— Tufunue kifuniko, tuitazame picha yenyewe, Injinia akashauri.

— Haifunuliwi.

— Kwa nini?

— Mikono yako ina mafuta ya nywele.

— Nitanawa.

— Na Waziri na kahawa yake?

Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu aitundike ukutani, alikuwa ameitoa picha kwenye fremu. Aliilaza kifudifudi juu ya kioo kwa haraka, bila miwani, akafunga. Tangu hapo hakutaka mkono wa mtu umguse mkewe, na printa waliibeba hivyohivyo toka nyumbani kwake, kama kitanda cha mgonjwa.

— Labda shemeji mwenyewe hataki, akasema Waziri. Alikuwa na haya yule.

Waziri akamjazia Fundi Saa kikombe bila kuombwa, na huko ndiko kuomba radhi kwake.

Mshonaji akafika anahema, futi ya kupimia shingoni. Aliwasalimu wote watatu, akapitisha macho kwenye kopi nane, akasema kwa hizo hawezi kununua hata kifungo. Kisha akaanza kuondoa vikombe, kimoja kimoja, juu ya ile karatasi.

— Mbona rangi hizi zimekolea?

Katikati ya alama za vikombe, buluu ilikuwa buluu na nyekundu nyekundu.

— Hiyo ya majaribio tu, dada, akasema Injinia.

— Imetoka printa hii?

— Hii hii.

Mshonaji akamgeukia Fundi Saa.

— Kaka, gauni lenyewe lilikuwa rangi gani?

Fundi Saa akafungua kinywa. Buluu, alitaka kusema, maana kila asubuhi alipoamka aliiona buluu, pale ukutani mkabala na dirisha. Neno lilipofika ulimini akaona kijani. Akaogopa. Injinia akainamia vidole vyake. Waziri, aliyemjua shemeji tangu usichana, akainamisha chupa, na chupa ilikuwa tupu.

Fundi Saa akavaa miwani yake ya kazi, akafunua kifuniko mwenyewe, akaigeuza picha. Mkewe alikuwa amepauka kama alivyopauka kwenye kopi zote nane. Printa haikuwa imemdanganya mtu.

— Nimemwanika juani, akasema. Miaka yote hii mbele ya dirisha, nikidhani namtunza.

Mshonaji akaipokea picha kwa kingo, akaiinamisha kwenye mwanga. Chini kabisa, pale ukingo wa fremu ulipokuwa umeifunika, pindo la gauni lilibaki na ukanda mwembamba kama njiti ya kiberiti. Haukuwa buluu wala kijani. Ulikuwa zambarau iliyoiva. Hapo Fundi Saa akakumbuka: alimwambia mkewe rangi hiyo nzito mno, naye akaivaa makusudi siku ya kupigwa picha, ndiyo maana pichani anacheka.

— Inanitosha hii, akasema mshonaji. Lakini kopi haitaishika. Nitahitaji picha yenyewe.

Fundi Saa akatazama saa, mara ya mwisho siku hiyo. Akatoa leso yake safi, akaifunga picha ndani yake, akamkabidhi.

— Mpitishe upande wa kivuli, akasema.