Verlyn Tjaden Anastaafu Katikati ya Msimu

Verlyn Tjaden alistaafu rasmi Ijumaa tarehe 17 Julai, baada ya miaka thelathini na moja na miezi miwili ya kutengeneza kila kinachoharibika katika Nyumba ya Wazee ya Prairie Bend. Keki yake tunaikata Jumatano hii. Ndiyo, Julai. Barua yake ya kwanza ya kustaafu ilisema Desemba, na sisi wa jikoni tulishapanga kuunganisha sherehe yake na ya Krismasi ili mapambo yatumike mara moja. Wengi mmekuja kuniuliza kulikoni, na kwa kuwa yeye mwenyewe hujibu kwa kujikuna shingo tu, nitawaeleza mimi. Nina hasira kidogo, mnivumilie.

Alianza kazi Mei 1995. Siku yake ya kwanza bomba la jikoni lilipasuka, akalibana kwa kipande cha mpira na mkanda wa suruali yake mwenyewe, kisha akashinda akipita vyumbani kujitambulisha huku mkono mmoja umeshikilia suruali isianguke. Tangu hapo amefufua viti vya magurudumu, vifaa vya kusikilizia na mashine ya kufulia ambayo ndani yake amekuta meno ya bandia mara nne. Mara tatu yalikuwa ya mtu mmoja, na hatumtaji. Ile wiki ya theluji kubwa alilala stoo siku nne ili asubuhi njia ya gari la wagonjwa iwe wazi.

Lakini kila mtu hapa anajua kazi yake hasa ilikuwa ni televisheni ya sebuleni, maana wazee wetu ni watu wa besiboli, na timu yao ni Korongo. Zamani ilitosha antena ya juu ya paa. Upepo ukiigeuza, Verlyn hupanda ngazi, mzee mmoja hukaa dirishani, mwingine mlangoni, na maagizo hupokezanwa hadi juu: "Kushoto! Kidogo! Umepitiliza, rudi! Hapo hapo, usiguse tena!" Siku moja walinogewa na mchezo wakamsahau juu ya paa awamu mbili nzima. Alishuka ameiva kwa jua, akauliza tu nani anaongoza.

Kisha tukaletewa maendeleo. Antena haikufaa tena, tukafungiwa kebo. Kebo ikagombana na kituo cha televisheni, tukaambiwa tuhamie kwenye intaneti. Intaneti nayo ikagawanya michezo: Ijumaa huku, Jumapili kule, Jumanne mahali pa tatu, kila mahali na nywila yake. Verlyn aliandika ratiba kwenye ubao karibu na orodha ya dawa, na asubuhi wazee walipita kuisoma kwa makini kuliko orodha ya dawa. Tulivumilia. Aprili hii, siku ya ufunguzi, watu ishirini na sita wamekaa na kofia zao vichwani, skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe: mchezo huu hauonyeshwi katika eneo la nyumbani la timu.

Nyumbani! Kutoka hapa Iowa hadi uwanja wa Korongo ni saa sita kwa gari, na hiyo ni kama hujasimama popote. Mtu aliye Alaska, asiyewajua hata kwa sura, anawaona. Sisi tunaowaita wetu ndio tumefungiwa. Verlyn alipiga simu kutoka jikoni kwangu, akasikilizishwa muziki muda wa kutosha mimi kumaliza kuoka pai mbili za mabua ya rubabu.

"Anwani yako iko ndani ya eneo la nyumbani, bwana," kijana wa watu akamwambia. "Mnaweza kwenda uwanjani."

"Kaka, nina watu ishirini na sita. Kumi na tisa wanatembelea magurudumu."

"Naelewa usumbufu wako, bwana."

"Huelewi. Ungeelewa ungekuwa unapiga kelele kama mimi."

Alipiga simu kumi na nne mwezi huo. Jibu halikubadilika, ila majina ya waliojibu.

Sasa nimtaje Bi. Ardis Kolthoff wa chumba namba tisa, ambaye ameniruhusu. Ana miaka tisini na mmoja, aliendesha basi la shule miaka ishirini na minane, na tangu ujana wake huandika kwa penseli kila pigo la Korongo kwenye kadi za matokeo. Machi, daktari wa macho alimwambia kwamba kufikia majira ya baridi huenda asione zaidi ya mwanga na kivuli. Hakulia. Aliuliza msimu unaanza lini. Verlyn alipomletea redio, akasema: "Asante, lakini redio itanisubiri. Macho hayanisubiri."

Linalokera zaidi ni hili: Verlyn mwenyewe anaishi dakika ishirini kutoka hapa, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, nje ya hilo eneo lililofungiwa, na kwake mchezo unaonekana bila shida yoyote. Aliniambia huwasha, akamkumbuka Bi. Ardis, akazima. Mei akauomba uongozi ruhusa ya kumpeleka Bi. Ardis kwake kutazama mchezo kila Jumapili mchana. Uongozi ukajibu kwamba bima hairuhusu mfanyakazi kumpeleka mkazi nyumbani kwake. Ndugu anaweza. Rafiki anaweza. Mfanyakazi hawezi. Verlyn akarudi chumba cha boila, akaandika barua ya pili, ya kustaafu Julai, na miezi mitano ya mshahara wake ikaondoka hivyo.

Jumapili tarehe 19 alikuja kwa mlango wa mbele, ambao sidhani kama amewahi kuupita ila akiukarabati. Akajaza daftari la wageni. Kwenye uhusiano na mkazi akaandika "rafiki", akamkabidhi mpokezi kalamu, yeye na Bi. Ardis wakaondoka na kadi na penseli.

Walirudi wakati wa chakula cha jioni. Ukumbi mzima uliacha kula.

"Enhe, Ardis, umeona?" wakamuuliza.

"Wamechapwa kumi na moja kwa mbili," akasema. "Aibu tupu. Yule mrushaji mpya mnayemsifia hapa ni wa kutupwa. Analegeza bega la kushoto kabla hajaachia mpira, kila mpigaji anajua unakuja wapi. Miezi mitatu namsikia redioni, hakuna aliyesema habari ya bega. Leo nimeliona mwenyewe."

Akaomba sahani ya pili ya nyama ya kusaga. Verlyn alikuwa mlangoni anajikuna shingo.

Verlyn, asante kwa mabomba, kwa theluji, kwa meno na kwa paa. Zimebaki Jumapili kumi za msimu. Tunakuombea afya njema, usingizi mrefu wa asubuhi, na picha isiyokatika hata mara moja kabla ya Oktoba.

Jolene Pruess, Jikoni